Mstari Kwenye Ramani: Njia za Baiskeli Zinavyopotea Milimani Idaho, na Zinavyobaki

Tarehe 7 Agosti 2015 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria iliyozifanya ekari zaidi ya 275,000 za milima ya katikati ya Idaho kuwa pori asilia, daraja la juu kabisa la hifadhi walilonalo Wamarekani. Wapenda mazingira walishangilia, na walistahili. Ila kwa sheria hiyo hiyo baiskeli ilipigwa marufuku ndani ya mpaka mpya. Castle Divide na Ants Basin, njia mbili ambazo kila mwendesha baiskeli wa milimani wa huku alitamani kuzipita angalau mara moja, zikafungwa kwetu. Farasi anapita. Baghala na mizigo yake anapita. Mtu wa miguu anapita. Baiskeli hapana, hata ukiikokota, hata ukiibeba begani.

Castle Divide niliiwahi Julai ile ile, muswada ukiwa bado unazunguka Washington. Ni shingo ya mlima iliyo takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na Castle Peak yenye mita 3,601 imesimama ubavuni. Kuipanda si kuendesha, ni kukokota: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kiti, vumbi jeupe la mawe likijaa ndani ya soksi, pumzi zinakatika. Ukifika juu unashusha kiti, unakagua breki, kisha unaachia kidogo kidogo, na kijia chembamba kinakuteremsha kuelekea maziwani. Tairi la mbele linatafuta pa kukanyaga kati ya mawe, na wewe kazi yako ni kuliacha litafute. Siku nzima tulikutana na mume na mke wazee waliokuwa wamekaa wanakula, basi. Nalitaja hilo kwa sababu hoja inayosikika sana dhidi yetu ni kwamba tutalijaza pori watu.

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Kwetu Usambara baiskeli niliyoijua ni Phoenix ya breki za vyuma, na kazi yake ilikuwa kushusha kabichi na viazi hadi barabarani. Kuteremka nayo kulitaka moyo. Kupanda nayo kulikuwa kuisukuma. Habari ya kwenda nayo msituni kwa raha zako, mama yangu mpaka leo hajaielewa. Akinipigia ananiuliza, "Sasa mwanangu, huko porini mnakwenda kufanya nini hasa?" Lakini msitu uliochorewa mstari naujua tangu utoto. Msitu wa Magamba ulikuwa pale juu yetu. Maji yalitoka mle, kuni zilitoka mle, na ruhusa ilitoka kwingine. Kwa hiyo siku niliposikia kwenye duka la baiskeli hapa Boise, mji mkuu wa Idaho, kwamba mlima umefungwa, kufungwa kwenyewe hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni kugundua kwamba huku upo utaratibu wa kumuuliza mwananchi kabla mstari haujachorwa, na kwamba wengi wa wenzangu wa baiskeli hawakuwa na habari nao. Walijua kulalamika baadaye.

Zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya Idaho ni mali ya serikali kuu ya Marekani: misitu ya taifa, nyanda za malisho, mapori. Wanaiita ardhi ya umma, na kweli unaingia bila kugonga hodi kwa mtu. Nasema hivyo huku nikijua kwamba umma huo una wenyeji wake. Milima hii ilikuwa ya Washoshone na Wabannock, na mkataba wa Fort Bridger wa 1868 uliwaachia haki ya kuwinda kwenye ardhi ya serikali isiyokaliwa. Nikikaa kwenye mkutano nikamsikia mtu wa baiskeli anasema "njia yetu ya tangu zamani", hunitoka tabasamu. Zamani ipi, ndugu yangu? Baiskeli za milimani zenyewe zilianza miaka ya 1970 kule Marin, California.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wa kisheria. Sheria ya mapori asilia ilitiwa sahihi na Rais Lyndon Johnson mwaka 1964. Inakataza barabara, vyombo vya moto, ndege kutua, na usafiri wowote mwingine wa kimitambo. Walioiandika hawakuwa wameona baiskeli ikipanda mlima. Mwaka 1966 Idara ya Misitu iliandika kanuni ikafafanua kwamba usafiri wa kimitambo ni chombo kinachosukumwa na nguvu isiyo ya kiumbe hai, kwa hiyo baiskeli ilibaki kwenye kivuli, si ndani si nje. Mwaka 1984 kanuni zikabadilishwa, na baiskeli ikatajwa wazi: kuwa nayo tu ndani ya pori asilia ni kosa. Imeandikwa pamoja na yale mabawa ambayo watu huruka nayo kutoka vileleni. Sijui nani alikaa akaona sisi na wale warukaji ni ndugu, lakini ndivyo ilivyo.

Ukiisoma historia hiyo haraka utadhani adui ni sheria. Kisa cha White Clouds, milima ile ile ya Castle Divide iliyofungwa 2015, kinaonyesha jambo jingine, na ndicho kilichonifundisha zaidi.

Mbunge Mike Simpson, Republican wa Idaho, alikuwa ameusukuma muswada wake wa pori asilia kwa zaidi ya muongo mmoja bila kufika nao popote. Cecil Andrus, Democrat aliyewahi kuwa gavana, pamoja na vyama vya mazingira, wakachoka kusubiri. Wakataka Rais atumie sheria ya 1906 inayompa uwezo wa kutangaza hifadhi ya kumbukumbu ya taifa kwa kalamu yake peke yake. Waendesha baiskeli waliliunga mkono wazo hilo kwa moyo mmoja, maana tangazo la Rais lingeweza kuandikwa kwa namna ya kuziacha baiskeli ziendelee. Vyama vya baiskeli na vya mazingira vilikaa meza moja, vikakubaliana, vikafanya kampeni pamoja. Wanasiasa wa Idaho hawakufurahia kuona Rais akiwaamulia. Hofu ile ndiyo iliyoufufua muswada wa Simpson. Majira ya joto ya 2015 ukapita Baraza la Wawakilishi, ukapita Seneti, ukafika mezani kwa Rais. Kelele zetu zilikuwa kuni tu, chungu kilikuwa cha wengine.

Na pikipiki je? Hapa ndipo watu wa baiskeli wanapoumia hadi leo. Mpaka ulichorwa ukazikwepa njia za pikipiki. Bonde la Germania Creek, lililo kati ya mapori mawili mapya, liliachiwa ukanda wake, pikipiki zinapita na baiskeli zinapita pia kwa mgongo wao. Watu wa pikipiki walikuwa wakizungumza na ofisi ya mbunge tangu miaka ya mwanzo ya muswada. Wao walikwenda na ramani. Sisi tulipata akili baadaye, tena tukaiweka yote kwenye kapu la kampeni ya Rais. Chombo chenye injini kikabaki na njia zake, na chombo kinachosukumwa kwa miguu kikapoteza. Mtu akiniambia mambo haya huamuliwa kwa kupima nani anaharibu udongo zaidi, namwonyesha ramani ile.

Linganisha na Hermosa Creek, Colorado, karibu na mji wa Durango. Kule wakazi walikaa pamoja kwa miaka: wavuvi, wafugaji, watu wa farasi, wa baiskeli, wa pikipiki, wa mazingira. Desemba 2014 sheria yao ikapita. Ekari kama 37,000 zikawa pori asilia, na nyingine kama 70,000 zikapewa daraja tofauti la hifadhi ambalo linazuia uharibifu lakini haligusi baiskeli. Kijia maarufu cha bondeni kikabaki wazi. Kati ya sheria ile na ya White Clouds hakuna hata mwaka mmoja, na Rais ni yule yule. Tofauti ni nani alikuwepo kalamu ilipokuwa bado ya risasi.

Basi nikaanza kwenda mikutanoni.

Kwa asiyeijua mikutano ya Idara ya Misitu, usitegemee hotuba na makofi. Ni ukumbi wa shule au wa kanisa, taa nyeupe, kahawa nyepesi kwenye birika kubwa, na meza zenye ramani zilizotandazwa. Kila meza ina ofisa mmoja: wa wanyama, wa maji, wa burudani. Unasimama, unauliza, unaandika. Mara ya kwanza nilimuuliza ofisa mmoja kuhusu kijia fulani, akanijibu kwamba kwa taarifa walizonazo hakuna baiskeli zinazopita pale. Mimi na wenzangu tulikuwa tumepita wiki iliyotangulia. Hakuwa anadanganya, hakuna aliyewahi kumwandikia. Kwenye jedwali lake sisi hatukuwepo.

Kila msitu wa taifa una mpango mkuu, na mpango ukifanyiwa marekebisho ndipo maeneo mapya hupendekezwa kuwa pori asilia. Kupendekezwa tu kunatosha kukuondoa. Misitu mingine hufunga njia kwa baiskeli tangu siku ya pendekezo, bila kungoja Bunge, na Bunge huweza kukaa miaka 30 bila kusema lolote. Rasimu ikitoka, wananchi wana siku 90 za kutoa maoni. Baadaye, mpango ukikaribia mwisho, kuna siku 60 za kupinga. Sasa sikiliza hapa: anayeruhusiwa kupinga ni yule tu aliyetoa maoni yenye hoja mapema. Kama zile siku 90 ulikuwa umelala, mlango wa pili hufunguliwi. Nimewaona vijana wenye hasira wakija na mabango katika hatua ile ya mwisho, wakaambiwa kwa adabu kwamba hawana sifa ya kupinga.

Jambo jingine, barua ya maoni si kura. Barua elfu moja zenye maneno yale yale huhesabiwa kama hoja moja iliyorudiwa mara elfu. Barua moja inayotaja namba ya njia, kinapoanzia kijia na kinapoishia, nani anakitumia miezi gani, mti ulioanguka uko wapi, na mpaka usogezwe kwa kiasi gani ili kijia kibaki nje bila kugusa makazi ya mbuzi wa milimani, hiyo lazima ijibiwe. Ndiyo ninayoandika siku hizi. Nakaa mezani jikoni, natandaza ramani, naweka kikombe cha chai kwenye kona isiyonihusu, nafuata mistari ya mwinuko kwa kalamu. Mara nyingi kuusogeza mpaka mita mia mbili kutoka kwenye kijia kunatosha. Pori linabaki karibu lote, na sisi tunapita ukingoni.

Jirani yangu, Mkongomani kutoka Bukavu, alinikuta nikiandika moja ya barua hizo. Hapa Boise tupo wengi tunaozungumza Kiswahili, wengi wao wametoka Kongo na Burundi kupitia makambi, na yeye ni mmoja wao. Akatazama ramani, akanitazama, akasema, "Ndugu, watu wanatafuta nyumba, wewe unaiandikia serikali habari za njia ya baiskeli?" Sikuwa na jibu la kumshinda. Ni kweli ni mchezo. Asiyeupata hafi njaa. Nilimwambia tu kwamba serikali imeuliza, na nikikaa kimya atajibu mwingine kwa niaba yangu.

Mwaka uliofuata alinigongea jioni. Yeye ni mvuvi wa dhati. Jumamosi akimaliza kazi anachukua wanawe na ndoano anakwenda milimani. Barabara ya udongo anayoitumia kufika mtoni ilikuwa imebandikwa tangazo kwamba inafikiriwa kufungwa. Alikuja na picha ya tangazo kwenye simu. "Ile barua yako," akasema, "inaandikwaje?" Tukaketi pale pale. Aliijua barabara ile kuliko ofisa yeyote: wapi maji huvuka mwezi wa Mei, wapi gari hukwama, familia ngapi za kwao huegesha pale. Nilichofanya ni kutafuta namba ya barabara na kumsaidia Kiingereza. Barabara bado iko wazi. Sidai ni kwa barua yake, lakini kwenye orodha ya majibu ya Idara hoja yake imo, na amenionyesha mara nyingi.

Kuandika pekee hakukupi heshima milimani, lakini. Heshima inatoka kwenye jembe. Kwetu tungesema msaragambo: mnaitana Jumamosi asubuhi, kila mtu na chombo chake, mnatengeneza njia. Huku chombo chenyewe kinaitwa Pulaski, shoka upande mmoja na jembe upande mwingine kwenye mpini mmoja. Kimepewa jina la Ed Pulaski, askari wa misitu wa hapa hapa Idaho ambaye kwenye moto mkubwa wa 1910 aliwaingiza watu wake kwenye shimo la mgodi karibu na Wallace, akawazuia wasitoke, na wengi wao wakaokoka. Ukishika chombo hicho siku nzima utamheshimu kwa sababu ya pili.

Kazi kubwa ni maji. Kijia hakiharibiwi sana na tairi wala kwato. Kinaharibiwa na maji yanayokifanya mfereji. Kwa hiyo unakichonga kielekee upande wa bonde kidogo, kiasi kwamba ukimwaga chupa ya maji juu yake yakimbilie nje, yasifuate njia. Unaondoa ule ukuta mdogo wa udongo unaojijenga ukingoni. Unachimba mtaro wa mshazari pale penye mteremko mrefu. Mzee mmoja aliyestaafu ualimu ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akimwaga chupa yake kila baada ya hatua chache na kunitazama bila kusema neno mpaka maji yaende alikotaka.

Halafu kuna miti. Misitu ya misonobari ya Idaho huungua, na baada ya moto miti iliyokufa huanguka miaka mingi mfululizo, kila msimu wa baridi na mianguko yake. Nje ya pori asilia, mtu wa kujitolea mwenye cheti cha Idara anaruhusiwa kutumia chenso, yaani msumeno wa injini, na watu wawili wakifungua njia kutwa wanafika mbali. Ndani ya pori asilia chenso nayo ni marufuku. Badala yake ni msumeno mrefu wa mkono wa watu wawili, vuta nikuvute. Wapo wanaoupenda na kuujua, na kuutazama ukila mti ni raha, ila ni wachache na kazi yake ni ya taratibu. Matokeo yake nimeyaona kwa macho: njia ikishafungwa kwa baiskeli, wale waliokuwa wakipanda na chenso kila Juni hawaji tena, na baada ya misimu michache huoni njia, unaona magogo. Mwenye farasi naye hapiti. Hata mtu wa miguu anageuza.

Kwa sababu hiyo watu wa farasi, ambao zamani walikuwa wakitutazama kama wezi wa kuku, wamekuwa majirani zetu. Si wote. Namkumbuka mama mmoja, wa umri wa shangazi yangu, niliyekutana naye kwenye kona akiwa juu ya farasi mwekundu huku akivuta baghala wawili. Nilisimama, nikashuka upande wa chini wa mteremko kama tulivyofundishwa, maana farasi akishtuka hukimbilia juu, nikabaki kimya kwa adabu. Yule farasi akatega masikio, akaanza kucheza miguu. "Ongea!" akaniambia yule mama. Nikauliza niseme nini. "Chochote. Hajui wewe ni kitu gani. Una kichwa cha plastiki na macho ya kioo. Akisikia sauti atajua ni mtu." Nikaanza kumsalimia farasi kwa Kiswahili, habari za asubuhi, za safari, watoto hawajambo, na akatulia kabisa. Mama akacheka mpaka akashika tandiko. Tangu siku hiyo tukikutana mikutanoni tunakaa meza moja, na mara nyingi tunabishana kwenye meza hiyo hiyo.

Mjini hapa kwenyewe vita ni vidogo lakini havikomi. Vilima vilivyo nyuma ya Boise vina mtandao mkubwa wa vijia unaosimamiwa kwa ubia wa mji na wamiliki wengine wa ardhi, na wakazi walikubali mwaka 2001 kujitoza dola milioni 10 kuilinda ardhi ile isijengwe. Wingi wa watu sasa ndio tatizo. Kwenye Lower Hulls Gulch wameamua tarehe shufwa ni za baiskeli zinazoshuka, tarehe witiri ni za waendao kwa miguu na farasi. Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Inafanya kazi vizuri kuliko hotuba zote za kupendana nilizowahi kusikia. Kero ya kweli ni tope. Februari mchana barafu ya juu inayeyuka, udongo unakuwa uji, na tairi moja huacha mfereji utakaokauka kama saruji na kubaki mpaka masika. Kanuni yetu ni kwamba ukiona unaacha alama, geuza. Au amka alfajiri uende ukiwa bado umeganda. Wapo wanaopita tu, na kila alama wanayoiacha hupigwa picha na kuletwa mkutanoni kama ushahidi dhidi yetu sote.

Baiskeli za umeme sitazisemea mengi, tutakesha. Idara ya Misitu inazihesabu kuwa vyombo vya moto. Mimi nadhani tulinde tofauti hiyo kwenye vijia vya ndani kabisa, kwa sababu hoja yetu kubwa tangu mwanzo imekuwa kwamba sisi hatuna injini. Rafiki zangu wawili wenye magoti mabovu hawanisemeshi nikisema hivyo.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kwa nini tusibadilishe tu sheria ya 1964. Limejaribiwa. Mwaka 2016 maseneta wawili wa Utah, Mike Lee na Orrin Hatch, walipeleka muswada wa kuwapa maofisa wa maeneo uwezo wa kuamua wenyewe kuhusu baiskeli. Baadaye mbunge Tom McClintock wa California akaja na wake. Hakuna uliopita. Chama cha kimataifa cha baiskeli za milimani, IMBA, kilichoanzishwa 1988, kilikataa kuuunga mkono ule wa McClintock, na wanachama wake wengi walikasirika wakasema ni woga. Mimi nilikuwa upande wa IMBA na bado nipo. Castle Peak ile ile niliyoisimulia, mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya madini ilitaka kuchimba molibdenamu chini yake, shimo la wazi. Andrus aligombea ugavana mwaka 1970 akilipinga shimo lile, akashinda. Bila watu wa mazingira wa wakati ule, leo tungekuwa tunagombania ukingo wa shimo.

Kisha ikaja Juni 2025. Seneta Mike Lee, yule yule wa muswada wa baiskeli, alipendekeza kwenye muswada mkubwa wa bajeti kwamba mamilioni ya ekari za ardhi ya umma katika majimbo ya magharibi ziuzwe. Sijawahi kuona kitu kama kile. Wawindaji, wavuvi, wenye farasi, wenye pikipiki, wenye baiskeli, watu waliokuwa wakirushiana maneno kwa miaka, walijaza simu za maseneta. Maseneta wote wawili wa Idaho, Republican wote, wakatangaza kupinga. Kabla mwezi haujaisha Lee akaliondoa pendekezo lake. Jirani yangu wa Bukavu naye alipiga simu, kwa Kiingereza chake mwenyewe bila kuniuliza neno.

Kwa hiyo ninapoambiwa niunge mkono mtu kwa kuwa anaipenda baiskeli yangu, nauliza kwanza ana mpango gani na ardhi inayoibeba.

Mwezi huu tunaandaa maoni juu ya rasimu nyingine. Yule mama wa farasi anataka vijia vitatu vya juu viingizwe kwenye pendekezo la pori asilia. Viwili nimemkubalia, vina mwinuko wa kuua na wanyama wanazalia pale, na sisi hatuvihitaji. Cha tatu ndicho pekee kinachounganisha mabonde mawili bila kurudi barabarani, na hicho siachi. Yeye anasema baiskeli kwenye kona zake zitamuua mtu. Mimi nimesema tukate vichaka ili watu waonane kutoka mbali. Jumamosi tunapanda wote kukiangalia, yeye na baghala wake wakibeba chenso na majembe yetu, nami nimeombwa nilete chapati.